Kisiwa cha makuhani: anzeni na maji

Mnaobuni kisiwa cha mbali kinachotawaliwa na makuhani, iwe ni kwa hadithi au mchezo, acheni kwanza jina la mungu. Pigeni hesabu ya maji.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la hekalu likiwa na mita za mraba 400, na mvua milimita 600 kwa mwaka, hizo ni lita 240,000. Toa humusi moja ya kuvuja na kukauka, zinabaki 192,000. Mpe kila mtu lita 5 kwa siku, yaani robo ya ule mtungi tunaopanga nao foleni hapa Nairobi siku za mgao: zinatosha watu 105 tu. Kuhani mwenye ufunguo wa birika la kuhifadhia maji hayo anahitaji jeshi la nini?

Kalenda nayo huwaponza wengi. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Bila mwezi wa nyongeza, baada ya miaka 3 sikukuu ya kupanda inaitangulia mvua kwa siku 33 hivi, na mbegu zinaishia kwa mchwa. Hapo ndipo mvuvi anayesoma nyota, na kusema kalenda ya makuhani imepotoka, anapoitwa mzushi.

Chumvi na kuni pia, lakini hizo si hesabu ngumu.