Nani atakulilia huku?

Tangu Jumanne kuna neno limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Kibali kimetoka jamani, shemeji kajifungua mapacha kule Tanga, na mimi bado niko na neno la Bibi, huyu mzee wa Kigiriki ninayemtunza hapa Athens.

Siku hiyo mwanangu Rama hakuwa na shule nikaenda nae kazini, na yule bila spika yake hatembei, mnamjua na hevi metali yake. Akaweka wale Rotting Christ, bendi ya hapahapa Athens, ndugu wawili wa ukoo wa Tolis, wako kwenye gemu tangu 1987, jina lao namuomba Mungu Bibi asije akaelewa maana ndani kwake ni misalaba kila ukuta. Niko jikoni nakamua limau nasubiri kelele za Bibi. Kimya. Natoka namkuta kafumba macho, kiganja kinapiga goti taratibu, kumbe ile albamu ya 2010, Aealo, ina kwaya ya wanawake wa Ipiro, kaskazini-magharibi ya Ugiriki, kwao Bibi kabisa, wanaomboleza vile wanavyolilia maiti vijijini.

"Hawa wanajua kulia," akasema. Halafu akanigeukia. "Na wewe binti, ukifa huku nani atakulilia?"

Nikasema, "Mungu ndo anajua, yaya." (Huku yaya ndo bibi, na mimi ninayemuogesha sijui naitwaje.)

Jibu gani lile sasa? Nimelirudia kwenye basi, nimelirudia naosha vyombo. Si ningesema Rama? Si ningemwambia mama yangu mwenyewe sikumlilia, msiba niliusikilizia chooni kwenye voisi ya WhatsApp ya sekunde 40, hiyo habari nshawasimulia. Na naapa zile sauti ni zilezile, mmoja anatangulia peke yake, wengine wanambeba kwa chini.

Usiku nikasema huyu mzee ananidharau, basi, kazi nifanye ila stori na yeye hapana.

Jana Rama kakaa anamsomesha Bibi hadithi za kale za Kigiriki, eti wafu wanavushwa mto Acheron na Charon mwenye mtumbwi, nauli ni sarafu waliyowekewa mdomoni, na huko kwa Hades, mungu wa kuzimu, getini kuna mbwa wa vichwa 3. Bibi akacheka meno ya bandia nusura yamtoke. "Acheron! Pale Glyki si ndo nilikuwa nafulia mablanketi! Maji ya baridi yale, yanakata mifupa, na mwenye mtumbwi sijamuona hata siku moja."

Akacheka tena, akanyamaza. Dada zake wameshakwisha wote, wanawe wako Ujerumani wanapiga simu Jumapili. Akamshika Rama mkono. "Siku yangu ikifika uje na hiyo spika. Ile ya wanawake. Makelele mengine uyaache nyumbani."

"Sawa yaya," Rama akasema, kama vile katumwa mkate.

Nikaenda kuanika mashuka hata hayakuwa yameisha kufuliwa.

Halafu huyu mtoto miaka 14 anavaa namba 45, raba za Septemba kidole kishatokeza nje, na mshahara bado siku 11.