Dada yangu, mshika mkoba

Jumapili ya Juni 9, 2024 nilikuwa barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ya tatu mkononi, dada yangu akapiga simu ya video kutoka Kiel. Ana miaka 14 Ujerumani, anahudumia wazee, na kodi yake hukatwa kabla hajaigusa mshahara. Siku ile alikuwa nje ya shule moja, amebeba mkoba usio wake.

"Kaka, nimekuwa mshika mkoba," akaniambia.

Mkoba ulikuwa wa mwenzake wa kazini, Mtaliano aliyehamia Kiel miaka mitatu tu iliyopita. Yuko ndani anapiga kura ya Bunge la Ulaya. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ndio uliompa haki hiyo: raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya anayeishi nchi nyingine ya umoja huo anapiga kura hukohuko anakoishi, na hata kugombea anaruhusiwa. Alichotakiwa kufanya ni kuomba aandikishwe kabla ya Mei 19 kupita, na kuchagua moja: awapigie wagombea wa Ujerumani au wa kwao Italia. Akipiga kote kuwili ni kosa la jinai. Ujerumani ina viti 96 kati ya 720, na mwaka huo hata watoto wa miaka 16 walipiga. Dada yangu ana miaka 41.

"Si uchukue uraia wao?" nikamuuliza, swali la kijinga, maana jibu nalijua. Wajerumani walikuwa wanakaribia kuruhusu uraia pacha, sheria yao ilianza Juni 27 mwaka huohuo. Sisi ndio hatujaruhusu. Akichukua wa kwao, wetu unakwenda, na ile shamba ya marehemu mama kule Pongwe tuanze kuhangaika nayo. Akanyamaza. Mtaliano akatoka anacheka, akachukua mkoba wake, akampungia mkono mtu asiyemjua kwenye simu, yaani mimi.

Nilikuwa tayari kuwalaumu Wazungu mpaka usiku. Lakini pembeni yangu alikaa jirani yetu wa chapati, mama wa Kidigo kutoka Lunga Lunga, aliyeolewa Tanga zamani hata sisi wenyewe tumesahau kuwa ni Mkenya. Amesikia yote. Mwaka 2022 alifunga biashara siku tatu, akavuka Horohoro kwenda kupiga kura kwao Agosti 9. Akarudi na kidole chenye wino, tukamtania wiki nzima. Kura za hapa haziwezi: Katiba yetu, ibara ya 5, inasema raia. Diwani wa mtaa anaokaanga chapati humo hamchagui.

"Na hilo bunge letu la Afrika Mashariki," akauliza, "mimi nalipigia wapi? Kenya au huku?"

Hapo ndipo nilipoona haya. Bunge lile lipo Arusha tangu 2001, kila nchi inapeleka wajumbe tisa wa kuchaguliwa. Wanaowachagua ni wabunge: wetu Dodoma, wao Nairobi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 ndivyo ulivyoandikwa, ibara ya 50.

"Hupigi popote, mama."

"Na wewe?"

"Na mimi sipigi."

Akacheka mpaka akashika meza. Yaani mwenye kitambulisho cha Taifa na asiye nacho wote tumekaa benchi moja! Angalau Kiel kuna mlango wa kubaki nje yake.

Nikawauliza wanywa kahawa wote: nani anitajie mmoja tu, katika tisa wetu walioko Arusha? Kimya. Wa dhumna wakaacha kupiga kete. Mzee mmoja, karani mstaafu, akainua kidole, akataja jina kwa kujiamini kabisa. Nikatafuta kwenye simu. Kipindi chake kilishakwisha.