Kijitabu

Tangu Jumapili neno moja limenikaa kooni. Mjomba alikishika kitabu changu cha vitendawili vya Bibi, akakigeuza mbele na nyuma, akasema, "Hongera, mwanangu. Kijitabu chako kimetoka." Nikamjibu, "Ahsante, Mjomba," nikaingia jikoni kana kwamba nimeitwa.

Kijitabu. Hakusema kitabu.

Mnajua nilivyohangaika na vile vitendawili vya Bibi, miaka minne ya kuandika, kufuta na kuuliza upya. Wiki hii dada amejifungua, mimi nimehamishiwa idara nyingine, na bado nikiosha vyombo namsikia Mjomba tu. Je, aliivuta ile -ji-? Alitabasamu kabla ya neno au baada yake?

Angekuwa mtu mwingine ningesema limemponyoka. Lakini Mjomba amefundisha Kiswahili maisha yake yote. Ndiye aliyenieleza kwamba mtoto akidogoshwa huwa kitoto, ila mtu huwa kijitu, kwa kuwa -tu ni silabi moja na haijitoshi. Na kitabu, kwa vile kimeshavaa ki-, nacho huongezewa -ji-. Kijitu ni tusi, hakuna anayemwita hivyo mtu anayempenda. Ndiyo maana nikaumia.

Nilijaribu kujituliza kwa hesabu. Tangu 1964 UNESCO inakitambua kitabu kuwa ni chapisho la kurasa zisizopungua 49, bila kuhesabu jalada. Changu kina 44. Kwa kipimo hicho Mjomba hakukosea hata kidogo, lakini roho haikutulia. Nilichotaka kujua ni alikitazama kwa jicho gani.

Alhamisi nikaenda kumwona dada. Akafunua nguo taratibu, akaninong'oneza, "Tazama vijidole vyake!" Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nikasimama palepale. Kidole, kijidole. Kitabu, kijitabu. Neno limejengwa vilevile, -ji- ni ileile, na dada hakuwa anamdharau mwanawe. Njia nzima ya kurudi nikawa nayaokota mengine: kijito kilichotoka kwa mto, kijiji kilichotoka kwa mji, kijiko kilichotoka kwa mwiko. Tunayatamka kila siku bila kumvunjia mtu heshima. Udogo ni wa neno. Dharau, au huba, huletwa na mwenye kusema.

Sasa nakumbuka jambo ambalo Jumapili sikulitilia maanani. Mjomba aliposema "kijitabu", kidole gumba chake kilikuwa juu ya jina la Bibi pale jaladani, kinapita polepole, kinarudi. Ni mama yake yule. Na mimi nilikimbilia jikoni, sikumpa nafasi ya kuongeza neno la pili.

Nitampigia kesho. Nataka anisomee kitendawili kimoja kwa sauti yake.

Imeshafika saa saba usiku na Baba anakohoa tena kule chumbani. Hii ni wiki ya tatu. Anasema ni vumbi, lakini usiku huu kikohozi kimebadilika, kimekuwa kizito, na nimeona ameacha chakula chote.