Karata 21 na Ree Moja: Siku ya Mfanya Mazingaombwe Mombasa

Saa 12 asubuhi. Baada ya sala ya alfajiri mimi hukaa mbele ya kioo cha kabati na pakiti moja ya karata kwa muda wa saa nzima. Nusu ya kwanza huenda kwenye kazi ngumu, yaani kuihamisha karata ya katikati hadi juu bila kioo kuuona mkono, na baada ya miaka 9 nakiri kwamba kioo bado hunikamata mara kwa mara. Nusu ya pili naitenga kwa viinimacho vyepesi visivyohitaji ufundi wowote wa vidole, na hapo zoezi si la mikono bali la maneno: niseme nini mtu anapochagua, ninyamaze wapi, nimtazame nani. Unyevu wa pwani huzifanya karata za karatasi zivimbe na kushikana, kwa hiyo kabla ya kutoka huzipaka poda kidogo ya watoto na kuzitia katika kopo lenye mfuniko.

Saa 4 asubuhi. Mwalimu wa hisabati wa shule moja ya Kisauni alikuwa ameniomba niwaonyeshe wanafunzi wa gredi ya 7 kiinimacho kimoja na kisha niwaeleze siri yake. Nilichagua kile cha karata 21, ambacho kimo katika vitabu vingi vya watoto, hivyo simfichulii mtu riziki yake. Karata hupangwa moja moja, mstari wa karata 3 baada ya mwingine, hadi ziwe safu 3 za wima zenye karata 7 kila moja, mtu huchagua moja moyoni na kutaja safu yake tu, nami huzikusanya safu hizo nikiiweka ile iliyotajwa katikati ya nyingine mbili. Jambo hilo hufanywa mara 3, na karata iliyochaguliwa huwa ya 11 kutoka juu.

Ubaoni siri ilionekana yenyewe. Baada ya mkusanyo wa kwanza, karata inayotafutwa imo kati ya nafasi ya 8 na ya 14. Ukizigawa upya, hizo 7 zote huangukia mistari 3 ya katikati. Ukikusanya mara ya pili hubaki nafasi ya 10, 11 au 12, ambazo zote 3 huwa katika mstari wa nne wa safu zao. Na mkusanyo wa tatu huiweka ya 11, ikiwa na karata 10 juu yake na 10 chini yake. Hakuna kasi ya mkono wala kuficha kitu katika mkono wa shati. Nilidhani watoto wangevunjika moyo baada ya kuambiwa, lakini walianza kuwindana darasani wakitaka kila mmoja awe mwenye kuuliza, na msichana mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza kama lazima ziwe 21. Nilimjibu kwamba ndivyo nilivyofundishwa. Jibu hilo halikunipendeza hata mimi mwenyewe.

Saa 8 mchana. Chakula, kisha matatu ya kurudi mjini. Abiria mmoja aliziona karata zangu akaupakata mkoba wake, na simlaumu, kwa maana walaghai wa karata tatu wamewaliza wengi vituoni.

Saa 11 jioni. Kwenye baraza moja ya Mji wa Kale kuna mzee anayecheza wahedi na sitini tangu kabla sijazaliwa. Mchezo huo wa karata, kama majina ya aina nne za karata, yaani kopa, uru, shupaza na pau, una asili ya Kireno. Pointi zake zote ni 120, ndiyo maana mwenye 61 ameshinda, na mfalme huitwa mzungu wa nne kwa sababu ana pointi 4. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwonyesha ule ufundi wangu wa asubuhi. Hakungoja nimalize.

"Kidole chako cha mwisho kimechelewa, mwanangu," alisema, akainywa kahawa yake.

Basi nikaweka mikono yangu magotini na kumwomba atumie karata zake mwenyewe. Alizichanga, akahesabu 21, akazipanga, akachagua moyoni, na kila mara nilimwambia tu aiweke safu yake katikati. Mwisho nikamuuliza, "Mzee, ree ni pointi ngapi?" Akajibu kwamba hata mtoto anajua, ree, ile karata yenye alama moja, ni 11. Nikamwomba anihesabie ree moja. Alipoifunua karata ya 11 na kuikuta ni mzungu wa tatu wa pau, yaani jeki, aliyoichagua mwenyewe, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akageuza mikono yangu akaitazama viganja. Mtu aliyeishi na karata hutazama mikono ya mwenzake, na ndiyo maana kiinimacho kisicho na mkono ndani yake humwacha bila mahali pa kutazama. Nimeona jambo hili mara nyingi, na wafanya mazingaombwe wenzangu, ambao hudharau viinimacho vya hesabu, hunaswa navyo upesi kuliko watazamaji wa kawaida.

Hata hivyo, kuna wepesi wa kutenda na wepesi wa kutazama, navyo si kitu kimoja. Mwaka 1922, huko Chicago, mfanya mazingaombwe Dai Vernon alimwonyesha Houdini, mfanya mazingaombwe mashuhuri, karata iliyotiwa katikati ya pakiti ikatokea juu, tena na tena, na Houdini hakuweza kueleza. Kazi ya mikono haikuwa nyepesi, lakini mtazamaji aliombwa kuelewa jambo moja tu: ilikuwa katikati, sasa iko juu.

Saa 2 usiku. Hotelini Bamburi mimi huzunguka mezani wageni wakisubiri chakula, na kila meza hunipa dakika tatu au nne kabla ya samaki kufika. Usiku huu kulikuwa na Wajerumani, familia ya Nairobi, na maharusi. Katika kelele za muziki hakuna hadithi ndefu inayosikika. Kuchagua karata na kuipata hueleweka katika lugha zote, na bibi harusi aliweza kumsimulia mama yake kwa simu, kwa sentensi moja, kabla sijaondoka mezani. Viinimacho vyenye hatua nyingi huwafanya wageni wasifu vidole vyangu, kisha hawakumbuki nilifanya nini.

Saa 6 usiku. Nyumbani nilikuta ujumbe wa yule mwalimu: msichana amejaribu na karata 27, safu 3 za karata 9, na kila mara anaipata ya 14, anauliza kama amekosea. Niliongeza karata 6 juu ya zile 21, nikazipanga kitandani chini ya taa ya simu, na kuchagua seti, yaani saba, ya uru. Mara ya tatu nilihesabu polepole nisimwamshe mke wangu. Ya 14 ilikuwa seti ya uru.