Nimepanda boti Hamburg, nyumbani wakasema nakula bata

Jumapili iliyopita niliweka picha kwenye grupu la familia: boti, kreni za bandarini, na mimi mwenyewe nimeshika mtandio usichukuliwe na upepo. Muda si muda shemeji yangu akaandika, "Wenzetu mnakula bata, sisi huku luku imeisha." Binamu yangu akadakia, "Kumbe alipelekwa kutalii." Wengine wakafuatia na vikaragosi vya kucheka. Mama hakuandika chochote, ila alipopiga jioni nilijua kwa sauti yake kwamba picha zangu zimeshakaliwa kikao.

Imeniuma, na sitaki kujifanya haijaniuma. Yule shemeji nampenda, na najua luku imeisha kweli. Lakini hili neno la kula bata anaambiwa karibu kila mtu aliyetoka nje kikazi, na wengi wetu tunalimeza kimya. Mimi leo nalijibu.

Ofisi yetu Dar ni ya uwakala wa forodha. Kampuni tunayofanya nayo kazi huku Hamburg iliomba mtu wa kukaa nao miezi kadhaa, ajifunze mifumo yao na wao wajue kwetu mzigo unakwama wapi, nikapelekwa mimi. Jumatatu hadi Ijumaa nipo mezani: nyaraka za shehena, simu, vikao, meli imechelewa, kontena limeandikiwa namba isiyo yake. Siku hizo nyumbani sipakumbuki sana, nasema ukweli. Kazi inakula akili yote na jioni nalala kama gogo. Upweke unaanza Jumamosi usiku, maduka yakianza kufungwa.

Kwa wasiojua, Jumapili Ujerumani ni siku ya kupumzika kwa sheria. Tena imo ndani ya katiba: kifungu cha 139 cha katiba yao ya zamani, ile iitwayo ya Weimar, ya mwaka 1919, kinacholinda Jumapili na sikukuu, kilichukuliwa kama kilivyo kikaingizwa kwenye katiba ya sasa. Kwa hiyo supamaketi zimefungwa, maduka ya nguo yamefungwa, na aliyesahau kununua unga Jumamosi aende stesheni kubwa ya treni au kituo cha mafuta akanunue kwa bei ya huko. Kelele nazo zina miiko. Hakuna kutoboa ukuta. Hata chupa tupu huruhusiwi kwenda kuzitupa kwenye pipa la vioo, kwa sababu ya mlio wake.

Sasa mchukue mtu wa Tandika, Dar, umweke humo. Sisi Jumapili ndiyo siku mtaa unachangamka: spika ya saluni inapiga singeli, watoto wako barabarani, shangazi yuko uani anachambua mchele wa pilau na kila anayepita anaulizwa hali ya mgonjwa wake. Huku nafungua dirisha nasikia ndege na baiskeli. Mara ya kwanza nilidhani kuna msiba.

Na Jumapili hiyohiyo ya picha, asubuhi yake, nilikuwa kibarazani kwangu ghorofa ya tatu, nimepiga simu ya video nyumbani. Mnajua simu zetu zilivyo, hazipigwi kwa mtu mmoja. Simu inazunguka nyumba nzima: mama anasema amepunguza sukari kwenye chai, mdogo wangu anasimulia mbuzi wa jirani alivyotafuna kitenge kilichoanikwa, watoto wanagombania wajione kwenye kioo. Nilicheka mpaka machozi. Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa ghorofa ya chini, amevaa vizuri, nywele zimechanwa, akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba leo ni Jumapili. Basi. Hakuna habari za asubuhi, hakuna samahani jirani. Akageuka, akashuka ngazi.

Nyumbani mtu akikusikia unacheka anakuja kuuliza kuna nini, ili na yeye acheke. Hapa nimegongewa mlango kwa kucheka na mama yangu! Sikuwa nimewasha redio, sikuwa na wageni, ilikuwa saa nne asubuhi. Nikawaambia nyumbani nitawapigia baadaye, nikakaa kitandani nikiutazama ukuta. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono miwili unakaribia kukimaliza. Nikaona nikibaki humo mpaka jioni nitaumwa. Nikachukua mtandio na sweta nikatoka. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye ile boti ambayo shemeji ameiona.

Kwanza tuzungumze hela, maana ndiyo inayowasumbua. Hapa Ujerumani kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, mwaka 2025 ilikuwa yuro 58. Ukiibadilisha ni zaidi ya laki na nusu, na nilipoikata mara ya kwanza moyo ulishtuka. Lakini bila hiyo sifiki kazini, kwa hiyo hela yake inatoka nipande boti nisipande. Na ukishakuwa nayo, unapanda basi, treni za mjini na zile za kwenda miji ya jirani, isipokuwa treni za kasi za safari ndefu. Boti za abiria za bandarini nazo zimo. Pantoni yetu ya Kigamboni tunaijua na mia mbili yake. Hii ya Hamburg sikutoa hata senti ya ziada.

Posho yangu ilishagawanywa kabla viza haijatoka. Kuna mabati ya nyumba ya mama, kuna ada, kuna deni la hospitali ambalo ukoo mzima unalijua. Napika wali wangu mwenyewe na maharage ya kopo. Mkate wenye samaki wa chumvi na vitunguu, ambao watu wa hapa wanaupenda sana, unauzwa gatini kwa kama yuro tano. Nimeula mara moja tu, kwa sababu kwa hela hiyo ufukweni Coco, Dar, ningekula mihogo na kachumbari na nikafungiwa mingine ya nyumbani. Hakuna bata hapo.

Lakini boti ni tamu, siwezi kuwadanganya. Ni namba 62, inaondoka gati la Landungsbrücken kwenda Finkenwerder, safari ya kama nusu saa. Nilipanda juu kabisa, sehemu ya wazi. Upepo wa mto Elbe hata mwezi wa sita una meno. Boti inavuka kwa kugusagusa magati. Ikifika, mfanyakazi anashusha daraja la chuma, watu wanatoka, wanaingia, linapandishwa, tumeondoka. Kule mbele kushoto zinaanza kuonekana kreni na meli za makontena, na mimi ambaye ndiyo kazi yangu nikajikuta nasoma majina ya meli kama mtoto. Zile meli nazijua kwa karatasi. Nimezidai nyaraka, nimezisubiri, nimelaumiwa kwa ajili yake. Kuziona zimesimama hapo, kubwa kuliko mtaa wetu, kulinifurahisha mno, nikageuka kumwambia mtu. Pembeni yangu alikaa mzee na gazeti lake.

Hapo ndipo penye shida yote, na ndipo nilipotoa simu nikapiga picha nikatuma. Nilitaka mtu aseme "makubwa!" Nilitaka binamu yangu, ambaye amefanya kazi bandarini Kurasini, aniulize ile kreni inabeba makontena mangapi kwa mkupuo. Hakuna aliyeniuliza nimeona nini. Wameniuliza nakula nini.

Nilishuka gati la Neumühlen. Kuna ufukwe pale, mchanga kabisa, kando ya mto, na huulizwi kiingilio wala hulazimishwi kununua soda ndiyo ukae. Hili nalisema kwa wivu, kwa sababu sisi tuna bahari nzima yenye maji ya moto, na kila mwaka kipande kingine kinazungushiwa ukuta. Kuna jiwe kubwa la tani 217 walilolitoa mtoni mwaka 1999 walipokuwa wanachimba njia ya meli, wakaliweka hapo ufukweni na watoto wanalipanda. Familia zilikuwa zimetandika mikeka, zinachoma nyama. Harufu ya mkaa ikanifikia. Nilivumilia mlango kugongwa, nilivumilia chumba, ila ule moshi wa mkaa ulinishinda. Nilikaa mchangani nikalia kidogo, kwa utulivu, maana ilikuwa Jumapili. Watu walipita, hakuna aliyenikodolea macho, hakuna aliyeniuliza dada vipi. Hilo la kutoulizwa lilinipa nafuu na likanitia uchungu kwa wakati mmoja.

Jua lenyewe mwezi huu halina haraka. Magharibi inaingia karibu saa nne usiku. Unamaliza kula, unaosha vyombo, unapiga simu nyumbani wameshalala, na nje kungali kweupe. Saa hizo ndefu usipozitafutia kazi zitakutafuna.

Kwa hiyo kila Jumapili natoka, na nitaendelea kutoka. Kuna njia ya chini ya mto iliyofunguliwa mwaka 1911, mita 426, unashuka kama mita 24 kwa lifti au kwa ngazi na unatembea mpaka ng'ambo bila kulipa. Ukutani wamebandika vigae vyenye michongo ya samaki na vitu vya mtoni, hata buti kuukuu. Ng'ambo kuna mahali pa kusimama ukaiona Hamburg yote imejipanga ukingoni.

Na kuna jambo ambalo nimeliweka moyoni nikisubiri wa kumsimulia. Mnaijua Sanamu ya Askari pale Posta, ile tunayopeana miadi chini yake. Iliwekwa mwaka 1927. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa na sanamu yao papo hapo mjini kwetu: Hermann von Wissmann, yule aliyekuja kuwapiga watu wa pwani na wakati wake Abushiri, aliyewaongoza kupigana, akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Waingereza walipoichukua Dar wakaing'oa. Mimi nilidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe ililetwa Hamburg, ikasimamishwa tena mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu, Wissmann juu na askari mweusi chini anamtazama. Ilikaa hapo miaka na miaka mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968, na haikurudishwa. Mwenzangu mmoja wa ofisini, kijana wa hapahapa, ndiye aliyenipeleka. Nilisimama mbele ya lile jengo lenye kuba nikawaza: sanamu ya kwetu, ya mtu aliyetuumiza, imesafiri baharini njia hiihii ya mizigo ninayoihesabu kila siku. Tangu mwaka 2010 miji hii miwili ina undugu rasmi, Dar na Hamburg. Nilijisikia nina haki ya kusimama pale kuliko mtalii yeyote.

Haya ndiyo ninayokula, shemeji. Niulize nikusimulie, luku nitakutumia.

Wewe unayejiandaa kuja, kikazi au kwa masomo, sikiliza. Nunua chakula Jumamosi mchana. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 zako, unarudishiwa supamaketi. Beba sweta hata wakikwambia ni kiangazi. Usipande treni bila tiketi hata kituo kimoja, faini ni yuro 60 na hawasikilizi hadithi. Simu za nyumbani piga dirisha likiwa limefungwa, kama huna moyo wa kugongewa. Mimi nimeamua kwenda kupigia ufukweni, nicheke nitakavyo.

Na usijifungie chumbani ukihesabu posho. Nimemwona mtu aliyefanya hivyo, aliletwa na ofisi nyingine ya Dar; alirudi na hela zote na hali mbaya, hata jina la mtaa aliokaa hakulijua. Wenzako wa ofisini Ijumaa waulize wanakwenda wapi, kisha waambie wazi kwamba unataka kufuatana nao. Huku mtu hakualiki kwa kukuonea huruma, anadhani ukikaa kimya unapenda kukaa kimya. Yule kijana aliyenipeleka chuo kikuu tulikaa meza moja muda mrefu bila hata kuongea. Siku niliyomwomba, alikuja mapema, na chai kwenye chupa, vikombe viwili.