Nilivyojifunza kukagua kreni za mnara

Kwa miaka tisa nilikuwa fundi wa kusimamisha na kushusha kreni za mnara Nairobi. Nilipotaka kuwa mkaguzi mwenye cheti nilidhani kilichobaki ni karatasi tu. Mzee aliyekubali kunifundisha alinipa kipande cha waya wa kreni wa milimita 16 na vernia, kipimo cha unene chenye midomo miwili. "Pima, kijana."

Nikasoma 14 na nusu. Akanishika mkono, akausogeza kidogo mpaka midomo ya vernia ikakaa juu ya migongo ya misokoto miwili inayotazamana, yaani mafungu ya nyuzi yanayounda waya. Ikasoma 16. Nilikuwa nimepima kwenye bapa, kati ya migongo, na ningeukataa waya mzima kabisa!

Kisha akanipa kitambaa. Grisi huficha mengi, kwa hiyo futa kwanza, ndipo uhesabu nyuzi zilizokatika ndani ya urefu wa mara 6 ya kipenyo, halafu mara 30. Kwa waya ule ni milimita 96 na 480, tulizipigia chaki. Uzi uliokatikia mgongoni mara nyingi umechoshwa na puli. Uliokatikia bondeni, kati ya misokoto, ndio wa kuogopa, kwa sababu huenda ndani kumeshaoza.

Hesabu za mzigo zilinichukua miezi. Kreni inayobeba tani 6 kwenye mita 20 kutoka mnarani huenda ikabeba tani 2 tu kwenye mita 50. Ndiyo maana kikomo cha uzito, kifaa kinachozuia kreni kuzidishiwa mzigo, hupimwa toroli linalotembeza mzigo kwenye mkono wa kreni likiwa karibu na mnara, na kikomo cha mzigo kwa umbali hupimwa toroli likiwa mbali. Ukipima kimoja tu, hujakagua.

Na upepo. Opareta akishuka jioni, breki ya kuzungukia iachiliwe, mkono wa kreni ufuate upepo kama bendera. Bado nakuta watu wanaufunga wakidhani ndio usalama, na hilo huniumiza moyo, maana mkono uliofungwa hupokea upepo wote ubavuni na mnara unaweza kuanguka.

Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka kreni ichunguzwe angalau kila miezi 12, nyaya na minyororo kila miezi 6, na mtu aliyeidhinishwa.

Ukaguzi wangu wa kwanza niliokwenda peke yangu, nilikuta nyuzi tatu zimekatikia bondeni. Mkandarasi alikuwa anamwaga slabu mchana ule. Nilisimamisha kreni. Waya mpya ulifika baada ya siku mbili.