Umemaliza uhandisi ujenzi? Anza na saiti

Wadogo zangu mliomaliza uhandisi ujenzi, pale UDSM, Ardhi, MUST, DIT na kwingineko, meseji zenu karibu zote zinafanana: "Kaka, hapo ofisini nafasi ya dizaini ipo?" Kila mtu anataka kiyoyozi na ETABS, ile programu ya kompyuta ya kudizaini majengo, saiti mnaiona kama adhabu. Mimi ningekuwa na uwezo ningewapeleka wote saiti miaka miwili mitatu ya mwanzo, tena saiti ya kawaida tu, ghorofa nne tano hivi.

Miradi mikubwa kama SGR au bwawa la Nyerere la megawati 2,115 inafundisha mengi sana, sibishi, ila kule mara nyingi unapewa kakipande kamoja, unaweza kukaa miezi na miezi unahesabu malori ya kifusi tu. Kwenye saiti ndogo utaona msingi unachimbwa, nondo zinasukwa, utapokea simenti, utabishana na fomeni, utaandaa madai ya malipo ya mkandarasi, yote wewe.

Na zege ndo shule yenyewe jamani. Ofisini umeandika C25, yaani daraja la nguvu ya zege, ukaenda kula, huku juu fundi anaona mchanganyiko mgumu kusambaza anaita ndoo nyingine ya maji, zege linalainika kweli lakini nguvu ndo inaondoka hivyo na mchoro wako hauna habari. Anayetakiwa kusimama pale ni wewe, na koni yako ya slampu ya kupima ulaini wa zege, ujaze kyubu, vile vipande vya zege vya kupima nguvu, zipondwe siku ya 7 na siku ya 28, ya siku 7 ikitoka chini sana ya theluthi mbili ya nguvu mnayoitaka uanze kuuliza maswali mapema kabla hamjapandisha ghorofa jingine. Uangalie kama vibiskuti, vile vipande vidogo vya kuinua nondo, vimewekwa chini ya nondo za slabu au zimelala kwenye mbao. Uhakikishe zege linamwagiwa maji wiki nzima, Jumapili ikiwemo, maana Jumapili ndo husahaulika.

29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar, watu 36 wakafa. 16 Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, tukazika tena. Kila jengo lina sababu zake, lakini nikipita Kariakoo nikaona zege linamwagwa na hakuna mhandisi hata mmoja pale juu naumia kwa kweli.

Kwa wanaotaka serikalini, TANROADS ya barabara kuu, RUWASA ya maji vijijini, na TARURA ya barabara za vijijini na mijini iliyoanza 2017 nazo ni saiti tu, ya makalavati, changarawe na mabomba, ukipangiwa wilayani nenda.

Halafu usajili. Jisajili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu mapema, uombe SEAP, ule mpango wa miaka 3 wa kujifunza kazini chini ya mhandisi mtaalamu, kile kitabu cha kumbukumbu ujaze kila wiki, na uandike ulichofanya wewe siyo ilichofanya kampuni. Kwa hiyo ukiitwa intavyuu, kabla hujafika kwenye posho uliza nani atakuwa anakusimamia na kusaini kitabu chako, na kama ERB wamemsajili kama mhandisi mtaalamu. Wakianza kuzunguka kwenye jibu, endelea kutuma maombi kwingine.